UZI: Matarumbeta, sintesaiza na sabufa. Kwa nini kikosi kimoja cha ngoma kinasikika vingine uwanjani na vingine kabisa kwenye simu yako

#1 FundiWaMikisa

Wakuu, habari za jioni.

Kwenye ule uzi wa bendi za maharusi kuna mdau aliweka klipu ya Bluecoats, kikosi cha ngoma na matarumbeta cha Kimarekani, watu wakaanza kurushiana maneno. Mmoja anasema besi inampasua kifua, mwingine anasema hasikii besi yoyote, wa tatu anauliza kama wale vijana wanapiga kweli au wamewekewa CD. Klipu ni ile ile moja. Nimeona tuhamie huku tuongee kwa nafasi. Mimi nipo Indiana, riziki yangu ni spika na nyaya, na kila Agosti fainali za haya mambo zinamalizikia hapa hapa Indianapolis.

Kwa ambao hawajawahi kuona: Drum Corps International (DCI), chama kinachoendesha mashindano ya vikosi hivi, ilianzishwa 1971, na ubingwa wa kwanza ulishindaniwa 1972 kule Whitewater, Wisconsin. Kwenye madaraja makuu ni vijana, hakuna aliyezidi miaka 22, na siku hizi kikosi kikubwa kina watu zaidi ya 150. Kuna shaba: tarumbeta, melofoni, baritoni, tuba. Kuna ngoma za kubeba. Kuna wacheza bendera. Halafu mbele kabisa, kwenye mstari wa uwanja, kuna wale wasiotembea: marimba, vaibrafoni, zailofoni, timpani na sasa vinanda vya umeme. Saksafoni na klarineti hazitakiwi mpaka leo. Kikosi kinapewa dakika kama 8 hadi 12 kwenye uwanja wa mpira wa Kimarekani, majaji wanatoa alama katika 100: mvuto wa jumla 40, muziki 30, mwendo na mwonekano 30.

Umeme uliingia kwa awamu mbili. Msimu wa 2004 kanuni ziliruhusu maiki na spika. Kabla ya hapo mpiga marimba alishindana na ukuta mzima wa shaba kwa mbao tupu, kwa hiyo alichukua vijiti vigumu na kugonga kwa nguvu zote. Noti ilifika jukwaani, ndiyo, lakini imekauka. Ule utamu wa chini wa marimba ulibaki pale pale kwenye nyasi. Maiki zilipokuja wakarudi kwenye vijiti laini, na kwa hilo sijui nani mwenye akili zake anaweza kulalamika. Ugomvi ulikuja na awamu ya pili, 2009, sintesaiza na vyombo vingine vya umeme viliporuhusiwa.

Sasa shida yenyewe. Spika zipo mbele, zinatazama jukwaa. Shaba ipo nyuma yake na haitulii: sasa hivi wapo mita 5 nyuma ya spika, dakika mbili baadaye wapo mita 40. Sauti inakwenda takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mita 40 zinakula kama milisekunde 117. Utasema ni kitu gani hicho. Lakini wimbo ukiwa na mapigo 180 kwa dakika, noti moja ya kumi na sita ina milisekunde 83 tu. Yaani aliye nyuma kabisa, akipiga sawa sawa na mkono wa kondakta, kwa aliyekaa jukwaani anafika nyuma ya mwenzake wa mbele kwa zaidi ya noti moja kama hiyo.

Ndiyo maana safu ya mbele hawamfuati kondakta. Wanafundishwa kusikiliza ngoma zilizo mgongoni mwao na kupiga pale sauti inapowafikia. Aliye nyuma naye ni mwiko kusikiliza mbele. Huo ndio mkataba unaoshikilia kila kitu. Sasa mpe mmoja wa hao wa mbele kinanda chenye sabufa nne, halafu mwambie asikilize ngoma iliyo mita 30 nyuma yake, huku besi yake mwenyewe inamrudia kwenye nyayo.

Nashusha taratibu, maswali karibu.

#2 Mgeni Jukwaani

Nimekaa siti ya mbele. Tiririka mkuu.

#3 Tarumbeta_Moshi

Mkuu, mimi napiga matarumbeta ya harusi, kwa hiyo hapa umenigusa. Swali la mtu wa mtaani: kama hela ipo, si wamfunge kila mpiga tarumbeta maiki yake, wote watoke kwenye spika, ugomvi uishe? Mbona kanisani kwaya nzima ina maiki?

#4 FundiWaMikisa

Swali zuri, na kuna vikosi vimeshakwenda njia hiyo kidogo kidogo, kwanza mpiga solo, baadaye kikundi kidogo.

Chukua solo. Kijana amesimama mita 25 nyuma ya spika, ana maiki isiyo na waya kwenye mdomo wa tarumbeta. Sauti ya redio inafika kwenye spika hapo hapo. Sauti ya tarumbeta lenyewe inatembea zile mita 25 kwa mguu, milisekunde 73. Sikio la binadamu linaamini sauti iliyotangulia kuhusu mahali inapotoka. Kwa hiyo unamwona kijana kulia nyuma, lakini sikio linakwambia yupo kwenye boksi kushoto mbele. Halafu tarumbeta lake halisi linafika baadaye, na kwa pengo kubwa namna hiyo noti fupi inasikika mara mbili.

Dawa ipo: unaichelewesha spika kwenye mikisa (meza ya kuchanganya sauti), milisekunde 73 na kidogo juu, ili shaba halisi itangulie na spika iongeze nguvu tu nyuma yake. Ukifanya hivyo vizuri mtu haoni kama kuna spika. Lakini yule kijana anatembea! Akifika mita 10, sauti yake inahitaji milisekunde 29 tu, na spika yako sasa imekuwa mwangwi. Mikisa za kidijitali zinakuruhusu kuhifadhi mpangilio tofauti kwa kila kipande cha onyesho, na fundi makini anafanya hivyo kwa solo mbili tatu. Kwa watu 70 wanaokimbia huku na kule, hapana.

Tena maiki haina adabu, haichagui. Fungua maiki ishirini katikati ya uwanja, zote ishirini zinaokota sneya (zile ngoma za mlio mkali), kila moja kwa muda wake. Sneya zilizokuwa zinakata kama wembe zinatoka zimesambaa. Kwaya ya kanisani imesimama sehemu moja na hakuna anayegonga sneya mita mbili kutoka kwenye maiki ya soprano.

Na masafa ya redio yenyewe ni kilio kingine. Marekani waliuza sehemu kubwa ya masafa ya megahezi 600 kwa kampuni za simu, maiki zikatakiwa ziwe zimehama kufikia Julai 2020. Kilichobaki kinagombaniwa na vikosi vyote vilivyopanga foleni nyuma ya jukwaa, watu wa matangazo na uwanja wenyewe.

#5 ShabaTupu

Nimesoma mpaka hapa na roho inaniuma. Wewe unaeleza matibabu ya ugonjwa ambao wamejiletea wenyewe.

Msimu wa mwisho bila sintesaiza ni 2008, na Phantom Regiment walichukua ubingwa kwa tofauti ya alama 0.025 tu mbele ya Blue Devils. Tafuteni rekodi yake. Shaba inapofunguka pale unajua ni mapafu ya watu. Baada ya hapo imekuwaje? Tuba zinapiga noti ya chini, sintesaiza inapiga noti hiyo hiyo oktava moja chini zaidi, uwanja unatikisika, jaji anaandika kwamba shaba ina sauti pana. Nani kapewa alama hapo, kijana aliyefanya mazoezi kiangazi kizima au kampuni iliyotengeneza boksi?

Na hata kabla ya sintesaiza, maiki peke yake ilishatuletea balaa. The Cadets wa 2007 walijaza onyesho kwa watu kuongea kwenye maiki, mashabiki wakapiga kelele za kukataa. Nilikwenda kusikiliza muziki, nikahutubiwa.

#6 FundiWaMikisa

Hahaha, karibu mzee, nilijua utafika.

Kuhusu oktava ya chini nakubaliana na wewe zaidi ya unavyodhani. Ni ujanja na unafanya kazi, ndiyo maana kila mtu anaufanya. Tuba inatoa sauti yenye umbo: ina mwanzo, ina pumzi, inaisha. Noti ya sintesaiza chini ya hezi 60 haina umbo hilo, inakuja kabla na inabaki baada. Ukiizidisha, kila mwisho wa kibwagizo unakuwa uji. Watu wa huku wanalalamika hivyo hivyo mwaka hadi mwaka, na si wazee peke yao.

Mimi nina kipimo changu. Katikati ya mazoezi namwomba mtu azime sabufa bila kuniambia. Nikishtuka kwamba kuna kitu kimeondoka lakini siwezi kukitaja, ilikuwa sawa. Nikisikia ghafla tuba ambazo sikujua kama zipo, basi sabufa ilikuwa imezidi, na watoto wenye tuba walikuwa wanabeba chuma kizito bure.

Lakini usiniambie umeme wote ni wizi. Bluecoats 2014, ule mlio unaoteleza kutoka noti moja kwenda nyingine mwishoni, shaba na sintesaiza wanateleza pamoja. Kwa shaba peke yake usingekuwa na uzito ule, kwa kinanda peke yake ungekuwa mzaha wa studio. Walishika nafasi ya pili mwaka ule, miaka miwili baadaye wakachukua ubingwa. Pale umeme ulipewa kazi ambayo chombo kingine hakiwezi, haukufichwa nyuma ya tuba. Ninachotaka ni hicho tu: kama ni sintesaiza, iwe sintesaiza kweli, niisikie ikiwa sintesaiza.

Kuhusu 2007 sina neno. Siwezi kutetea kila kitu.

#7 MamaWawili_Ohio

Jamani samahani kwa kuingilia, mimi si fundi. Niko Ohio, wanangu wanapenda haya mambo kwa hiyo kiangazi tunazunguka viwanja vya shule za sekondari. Kuna kitu sijawahi kukielewa. Tukinunua tiketi za pembeni naona muziki ni mtamu, nasikia kila chombo. Siku moja watu wa katikati waliondoka mapema, tukahamia pale, hee! Besi inanipiga kifuani, marimba siisikii. Nilidhani wameongeza sauti, mwanangu akaniambia hapana mama, ni sehemu tuliyokaa. Inawezekana kweli mita chache zibadilishe hivyo?

#8 FundiWaMikisa

Dada, mwanao akikua aje nimpe kazi.

Inawezekana kabisa. Vikosi vingi vinaweka sabufa kwenye marundo mawili, moja kushoto na jingine kulia mwa safu ya mbele, kwa sababu katikati pamejaa marimba. Tuseme marundo yameachana mita 20. Ukikaa kwenye mstari wa kati, upo umbali sawa na yote mawili, mawimbi yanafika pamoja na kujumlishana. Noti ya hezi 50 ina wimbi la karibu mita 7. Sasa sogea pembeni mita 7 tu, ukiwa mita 40 kutoka kwenye sabufa. Rundo moja sasa lipo karibu nawe kuliko jingine kwa kama mita 3.4, nusu ya wimbi. Moja linasukuma, jingine linavuta. Noti ile inakufa hewani. Ukisogea tena inafufuka.

Na mstari wa kati ndipo wanapokaa nani? Majaji wa juu, wakufunzi na waliolipa tiketi ghali. Fundi mwenyewe akiwa na tableti mkononi anapanda kusimama hapo hapo. Kwa hiyo anaposawazisha, anasawazisha kwa kiti kimoja. Akisikia besi nyingi ataishusha na wa pembeni watabaki na shaba tupu (ShabaTupu, nakushauri ununue tiketi za pembeni). Akiwa mtu wa kupenda mtikisiko, ataiacha.

Ukikusanya sabufa zote rundo moja katikati, tatizo la kufutana linaondoka karibu lote. Lakini mwambie mkufunzi wa marimba asogeze vyombo vyake apishe maboksi, uone atakavyokuangalia.

#9 ShabaTupu

Kwa mara ya kwanza tumekubaliana. Pembeni nitakwenda.

#10 OB_Nairobi

Habari zenu ndugu. Nimekuwa nikisoma kimya kimya, lakini hapa kwa matangazo lazima niseme kitu. Nimefanya kazi ya sauti kwenye gari la matangazo ya nje hapa Kenya kwa muda mrefu, zikiwemo sherehe za kitaifa ambapo bendi za jeshi zinapita uwanjani. Zile bendi hazina sintesaiza, na bado ni kazi ngumu. Nikifikiria hao wa Marekani nawaonea huruma mafundi wao.

Bwana Fundi ameeleza jinsi fundi wa kikosi anavyosawazisha kwa kiti kimoja cha juu katikati. Sasa fikirieni maiki za matangazo zipo wapi. Ukiziweka chini mbele ya jukwaa, unazikaribisha mbele ya spika na sabufa za kikosi. Fundi wa kikosi amepima besi yake ikiwa imesafiri mita 50 na kupanda juu, wewe unaiokota ikiwa mita 10. Shaba kwako bado ipo mbali. Umbali kwa kawaida unapunguza desibeli 6 kila ukiongezeka maradufu, kwa hiyo aliye karibu na wewe anafaidika sana. Fundi wa kikosi hajakosea, wewe hujakosea, na matokeo bado ni mabaya.

Ukiziweka juu kwa majaji, usawa unapata, lakini unaokota pia yule shabiki anayepiga mayowe mita moja kutoka kwenye maiki, pamoja na mwangwi wa jengo.

Kwa hiyo unachanganya. Maiki za juu ndizo picha yako kuu. Za chini unaziongeza kidogo kwa ukali wa sneya na midomo ya tarumbeta, huku umekata kila kitu chini ya hezi 100 hivi, kwa maana besi tayari iko kwa zile za juu. Halafu kuna wanaotaka laini ya moja kwa moja kutoka kwenye mikisa ya kikosi. Hapo ndipo watu huumia. Laini inafika papo hapo. Maiki yako ya juu iko mita 50 kutoka kwenye safu ya mbele, sauti inaifikia milisekunde 146 baadaye. Ukizichanganya hivyo hivyo, marimba inagonga mara mbili. Lazima laini uicheleweshe mpaka ikutane na maiki, na uitie kidogo sana, la sivyo marimba itasikika iko ndani ya chumba chako na shaba iko kwa jirani.

Mambo ya kompresa nitarudi nayo, niko kazini.

#11 Mgeni Jukwaani

OB usipotee bwana. Mimi ndiye yule aliyesema hasikii besi. Natumia simu.

#12 Tarumbeta_Moshi

Na mimi ndiye wa kupasuliwa kifua, natumia sabufa ya sebuleni. Kumbe tulikuwa tunagombana bure.

#13 OB_Nairobi

Nimerudi.

Spika ya simu haina nguvu chini ya hezi 200 hivi, ya bei rahisi hata 300. Besi ya sintesaiza iko hezi 40, 50, 60. Kwa simu haipo kabisa. Kwa sabufa ya sebuleni ipo, tena mwenye nayo huwa amefungua besi mpaka mwisho, tunajuana.

Lakini kuna ubaya mwingine uliofichika, na nataka nyinyi wenye masikio mwende mkasikilize. Matangazo yanatakiwa kukaa kwenye kiwango fulani cha sauti. Televisheni za Marekani wanalenga -24 kwa kipimo cha ukubwa wa sauti kinachoitwa LKFS, Ulaya -23. Kikosi cha ngoma kinatoka kwenye mnong'ono wa vaibrafoni moja mpaka watu 70 wa shaba wakitazama maiki yako. Hakuna mtu nyumbani atakayevumilia tofauti hiyo, kwa hiyo kuna kompresa na limita, vifaa vya kubana sauti ikizidi, mwishoni mwa mnyororo. Kompresa ya kawaida haijui chombo, inajua nguvu tu. Na nguvu nyingi zaidi ziko kwenye besi. Sintesaiza ikipiga noti nzito, kompresa inashika na kuteremsha kila kitu pamoja nayo, shaba ikiwemo. Noti ikiisha, shaba inapanda tena.

Sasa wewe wa simu. Besi huisikii, lakini unasikia shaba ikizama na kuibuka, kuzama na kuibuka, bila sababu yoyote. Unasema hawa vijana hawana pumzi. Kumbe wana pumzi, ni kompresa inafuata noti ambayo simu yako haiwezi kukuonyesha.

Dawa: kompresa inayogawa masafa, besi ishikwe peke yake na shaba peke yake. Au hata rahisi zaidi, kompresa isisikilize chini ya hezi 120. Kwa dakika tano fundi anaweza kupanga hiyo. Kama hana muda wa kujaribu kwa sababu vikosi vinapishana uwanjani kimoja baada ya kingine na kila kimoja kina mikisa yake na ladha yake, basi hapo simlaumu sana.

#14 ShabaTupu

Ndugu OB, nimekwenda kusikiliza kwa simu kama ulivyosema. Shaba inapumua kweli pale besi inapoingia. Sasa siwezi kuacha kuisikia, umeniharibia.

Lakini nina hoja. Wewe unasema ulainishe, ucheleweshe, ugawe masafa. Kwa nini fundi wa matangazo asafishe uchafu wa mwenzake? Kikosi kinajua kwamba watazamaji wa nyumbani ni wengi kuliko wa jukwaani. Tangu 2004 wanarusha mpaka kwenye majumba ya sinema huko Marekani. Kwa nini wasisawazishe kwa ajili ya kamera tangu mwanzo?

#15 FundiWaMikisa

Kwa sababu alama zinatolewa jukwaani, mzee. Ni hilo tu. Jaji hajavaa hedifoni za matangazo. Siku kanuni zikisema jaji mmoja akae kwenye gari la matangazo asikilize kinachotoka hewani, mwaka ule ule sabufa nusu zitabaki kwenye lori.

Na hapo bado hatujagusa jengo. Kuanzia Juni vikosi vinazunguka viwanja vya wazi, hewa tu, sauti ikitoka haijarudi. Mwezi Julai wanaonja San Antonio ndani ya Alamodome. Kisha Agosti fainali, Lucas Oil Stadium, na imekuwa hapo tangu 2009. Angalieni mwaka huo: sintesaiza zimeruhusiwa msimu ule ule fainali zilipohamia chini ya paa. Mimi naamini nusu ya sifa mbaya ya sintesaiza imetokana na bahati mbaya ya kalenda.

Uwanja ule unachukua zaidi ya watu 60,000, na siku ya mashindano upande wa nyuma wa kikosi ni viti vitupu. Besi haijali spika imetazama wapi, inakwenda pande zote. Inakwenda nyuma, inagonga zege, inarudi baada ya zaidi ya theluthi ya sekunde na kukuta muziki umeshahama. Sneya na tarumbeta nazo zinarudi, lakini sauti za juu zinanyonywa njiani na nguo za watu na hewa yenyewe. Besi hainyonywi kirahisi. Kwa hiyo mpangilio uliokuwa mtamu kwenye uwanja wa sekondari ya dada yetu wa Ohio, ukiingia nao mle ndani bila kugusa, besi inajirundika juu ya besi.

Wanaojua wanafanya mambo mawili. Wanateremsha sabufa kuliko roho inavyotaka, na wanafupisha noti. Hilo la pili watu hawalisemi sana: mpiga kinanda anaambiwa aachie kidole mapema, jengo litamalizia noti. Ni kazi ya mpangaji wa muziki zaidi kuliko ya fundi. Fundi hawezi kufupisha noti kwa kishikizo chochote cha mikisa.

Wengine wanapanga sabufa ziwe zinafutana kwa nyuma, moja inageuzwa na kucheleweshwa ili nyuma patulie. Inasaidia wapiga marimba pia, maana wanasikia ngoma za mgongoni tena. Inahitaji maboksi zaidi na sekunde zaidi za kupanga, na muda wa kuingiza mikokoteni uwanjani ni mfupi kuliko mnavyofikiri.

#16 MamaWawili_Ohio

Ahsanteni sana, nimejifunza. Mwanangu nimemtafsiria habari ya wimbi la mita 7, sasa anataka kwenda na futi kamba uwanjani.

#17 Tarumbeta_Moshi

Sasa wakuu nirudi nyumbani. Sisi tunatangulia na pikapu, tunapiga njia nzima, tunafika ukumbini tunaingiza maharusi. Ile tunavuka mlango tu, DJ naye ameshaweka beat yake "kutusapoti". Tunapotea. Wageni wanaona mashavu yanavimba, sauti hawasikii. Nikimwambia apunguze anasema nyie ongezeni. Hatuna maiki na hatutaki. Nifanyeje?

#18 ShabaTupu

Mzime umeme.

#19 FundiWaMikisa

Ukitoa ushauri wa ShabaTupu, hivi:

Usimwombe apunguze sauti, ataona umemdharau mbele ya MC. Mwombe azime sabufa peke yake kwa ule wimbo mmoja wa kuingia. Ni kitufe kimoja, spika za juu anaziacha. Ninyi tuba mnayo, besi ya ngoma mnayo, chini hakuhitajiki mtu wa pili.

Pili, yeye asiwe na beat. Beat yake haitasubiri. Mlango uko mita 30 kutoka kwenye spika zake, mnamsikia amechelewa kama milisekunde 87, mnafuata, sauti yenu inarudi kwake imechelewa mara mbili. Wageni wa katikati wanasikia vurugu. Kama lazima aweke kitu, aweke kinanda kilichotandazwa tu, bila mapigo, kwenye ufunguo wenu. Mpe ufunguo mapema, tarumbeta zenu nadhani ni za B bapa.

Tatu, msiingie mkiwa mstari mrefu. Ngoma zikae nyuma kabisa, shaba mbele yake, wote wasikilize ngoma za mgongoni. Hapo mmeshakuwa DCI ndogo.

#20 Tarumbeta_Moshi

Ufunguo ni huo. Na asipokubali kuzima sabufa?

#21 OB_Nairobi

Ongea na fundi wake wa nyaya, siyo yeye. DJ hajui sabufa inachomekwa wapi.